Risala Katika Amana ya Diwani: Je, Ni Wakili au Ni Wasii?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na Jamaa zake na Masahaba zake.

Amma baad. Huulizwa katika mabaraza ya Madungu, na katika mitaa mingine ya mji wa Chake Chake, suali ambalo jawabu lake si jepesi kama linavyodhaniwa: diwani ni nani, na ana nguvu gani juu ya watu na mali zao? Wako wasemao kwamba diwani ni mtumishi wa waliompa kura. Wakimwambia tenda hutenda, na wakimwambia acha huacha. Wako wasemao kwamba akisha kuchaguliwa amekuwa mkubwa, na atende aonavyo mwenyewe mpaka miaka mitano ipite. Na kundi la tatu, nalo ndilo kubwa, husema kwamba hana maana yoyote, kwani mwenye kutia muhuri barua ya mtu ni sheha, na mwenye kutoa amri ni Mkuu wa Wilaya. Basi kumchagua na kutomchagua ni mamoja. Kauli zote tatu zina kasoro. Lakini hii ya tatu ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu mtu akisha kulidhania jambo kuwa ni upuuzi hulitenda kipuuzi, na akipewa shilingi kwa ajili ya kura yake huona amepata faida pasina kutoa kitu.

Kwanza na ijulikane sheria ilivyo. Serikali za mitaa za Zanzibar zimetajwa katika Katiba ya mwaka 1984, na sheria iliyoziweka katika sura yake ya sasa ni Namba 7 ya mwaka 2014. Chake Chake ina Baraza la Mji, kama walivyo nalo watu wa Wete na Mkoani. Ndani yake hukaa madiwani waliochaguliwa na wadi zao, pamoja na wengine walioingia kwa kuteuliwa. Kazi yao ni kupitisha makadirio ya mapato na matumizi, kutoza ada na leseni, kuangalia soko na machinjio na uondoaji wa taka, na kutunga sheria ndogo kwa ajili ya hayo. Si kazi ndogo. Lakini ina mipaka yake: sheria ndogo haziwi sheria mpaka Waziri mwenye kusimamia mabaraza azikubali, na Mkurugenzi, aliye msimamizi wa watumishi na fedha, huteuliwa, hachaguliwi. Mwaka 2017 Serikali ya Zanzibar ilianza kuyapa mabaraza sehemu ya kazi za elimu ya msingi, afya ya msingi na kilimo. Na hilo lilionyesha kwamba duara la baraza huchorwa na walio juu yake, wala si lenyewe lijichorealo.

Ama sheha, huyo huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Sheha na diwani huishi mtaa mmoja, huswali msikiti mmoja, na mara nyingi ni jamaa. Lakini mamlaka ya mmoja yateremka kutoka juu, na ya mwenziwe yapanda kutoka chini, na asiyeitambua tofauti hii hatafahamu lolote katika yafuatayo.

Watu wa Chake Chake si wageni wa mambo haya. Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar liliundwa mwaka 1926, na wananchi hawakuwachagua baadhi ya wajumbe wake mpaka mwaka 1957, walipopewa viti 6. Kisha ukaja uchaguzi wa Januari 1961, wa viti 22, na kiti cha Chake Chake kikapatikana kwa tofauti ya kura moja tu. Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu viti 9, na Z.P.P.P. viti 3, na watatu hao wakagawanyika, wawili wakaenda upande wa Hizbu na mmoja upande wa pili, mizani ikasimama kumi na moja kwa kumi na moja. Ukaitishwa uchaguzi mwingine mwezi wa Juni, na katika machafuko yaliyofuata wakauawa watu 68. Mtu mmoja wa Chake Chake aliyebaki kitandani siku ile ya Januari alikuwa na uzito wa kiti kizima juu ya kifua chake, naye hana khabari. Baraza lile liliondoka kwa Mapinduzi ya mwaka 1964; Baraza la Wawakilishi likaja mwaka 1980, na uchaguzi wa vyama vingi ukarudi mwaka 1995. Hayo yanatosha katika tarehe.

Wako pia wanaosema, na baadhi yao ni vijana wenye kusoma, kwamba kukaa katika baraza la kutunga sheria ni kushindana na Mwenyezi Mungu katika hukumu yake. Neno hili ni zito, na mwenye kulisema yampasa atazame kwanza Baraza la Mji linatunga nini. Halizungumzi idadi ya rakaa wala mafungu ya mirathi. Huzungumza samaki wauzwe wapi, taka zitupwe saa ngapi, na mbuzi wa mtu wasizurure sokoni wakala mchicha wa mtu mwingine. Mambo haya yote yamo katika duara la mubahi, na katika duara hilo fiqhi ya Imam Shafii imemwachia mwenye mamlaka nafasi ya kuamrisha. Wenye kusoma Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 wa Hijra) na sherehe zake wanaikumbuka mas-ala ya Swala ya kuomba mvua: kiongozi akiwaamrisha watu wafunge siku tatu, saumu hiyo iliyokuwa sunna huwa wajibu juu yao kwa amri yake. Na wafasiri, akiwamo Ibn Hajar Al-Haytami (aliyefariki mwaka 974) katika Tuhfa, wakajadiliana amri ya namna hii yafika wapi, wakaifungamanisha na maslaha ya watu wote. Tena Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450), naye ni Shafii, alipoieleza kazi ya muhtasibu aliitaja mizani na vipimo vya sokoni, njia zisizibwe, na maji ya mji yakikatika au ukuta wake ukibomoka nani alazimike kuutengeneza. Mtu akizisoma kurasa hizo kisha akaingia katika kikao cha Baraza la Mji, hataona geni ila viti na vipaza sauti.

Basi likabaki suali lenyewe. Mamlaka haya ameyapata kwa nani, na anayashika kwa sifa gani?

Katika Bay'a ya pili ya Akaba, watu wa Yathrib walipomwahidi Bwana Mtume kumlinda, hakuwateulia wakubwa wao. Aliwataka wao wenyewe watoe manakibu kumi na wawili, wakatoka tisa katika Khazraj na watatu katika Aus, wakawa ni wadhamini wa watu wao. Hiyo ni dalili ya kwamba kutoa mwakilishi kutoka chini si bid'a iliyoletwa na Wazungu.

Lakini kisa chenye mafunzo zaidi ni cha mateka wa Hawazin, baada ya vita vya Hunayn katika mwaka wa 8 wa Hijra, nacho kimepokewa na Imam Bukhari. Watu wa Hawazin walikuja wamekwisha kusilimu, wakaomba warudishiwe mali zao na watu wao. Bwana Mtume akawakhiarisha moja katika mawili, nao wakakhiari watu wao. Mateka hao walikuwa wamekwisha kugawiwa, na kila askari alikuwa na fungu lake, ambalo ni haki yake. Bwana Mtume akasimama mbele ya watu, akawajulisha kwamba yeye aona warudishwe: atakaye kutoa kwa ridhaa na atoe, na atakaye kushika haki yake mpaka alipwe katika ngawira ya mwanzo itakayopatikana, na afanye hivyo. Umati ukapaza sauti kwamba umeridhia.

Hapa ndipo mahali pa kusimama na kutafakari. Aliyekuwa akiulizwa ni jeshi zima, na mwenye kuuliza ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na jawabu limetoka kwa sauti moja. Ni nani katika viongozi wa leo asiyetosheka na mkutano kama huo? Lakini yeye hakutosheka. Akawaambia kwamba hajui katika wao ni nani aliyeridhia na nani hakuridhia. Basi warudi, mpaka maarifu wao wamletee khabari zao. Arifu ni mtu mwenye kuwajua watu wa kikundi chake na kuwasemea. Wakarudi, maarifu wakazungumza na watu wao, kisha wakaja kumpa khabari kwamba wameridhia kweli. Ndipo mateka wakaachwa huru.

Katika kisa hiki yamo mambo mawili ambayo diwani hawezi kuyakimbia. La kwanza, makofi ya mkutano si ridhaa. Katika umati yumo aliyenyamaza kwa haya, na yumo aliyepiga kelele kwa kuwa jirani yake amepiga, na yumo masikini ambaye fungu lake lile ndilo lote alilo nalo, akaona aibu kusema. La pili, kazi ya arifu si kusema mbele ya mkubwa. Kazi yake ni kurudi. Nguvu yake yote imo katika yale matembezi baina ya mkutano na mahema. Diwani aendaye kikaoni kisha asirudi Madungu kuwauliza watu, huyo amebeba jina la arifu pasina kazi yake.

Kwa hivyo upande mmoja diwani ni wakili, na hukumu za wakala zamshika. Wakili hafanyi ila alilopewa ruhusa. Haimfalii kuuza kitu cha mwenyewe kwa bei ya chini yenye khasara ya wazi. Haimfalii kujiuzia nafsi yake, wala kumuuzia mwanawe mdogo. Na ijapokuwa kauli iliyo sahihi zaidi katika Minhaj ni kwamba aweza kumuuzia baba yake au mwanawe mkubwa, hii ni kwa kuwa bei yaonekana na tuhuma imeondoka. Basi diwani anayekaa katika kikao kinachogawa vizimba vya soko au zabuni ya kuzoa taka, kisha kazi hiyo ikamwendea yeye kwa jina la mtu mwingine, amejiuzia nafsi yake, na hila ya jina haimwokoi. Wala haimfalii wakili kumtia wakili mwingine mahali pake katika kazi aiwezayo mwenyewe, ila kwa idhini. Ama zawadi, kisa cha Ibn al-Lutbiyya chatosha: alitumwa kukusanya zaka, akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimetunukiwa, na Bwana Mtume akakasirika, akauliza juu ya mimbari kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama atatunukiwa.

Lau diwani angekuwa wakili tu, suali lingekuwa limekwisha, na kundi la kwanza lingekuwa na haki. Lakini yatazamwe haya. Ikiwa watu wa wadi wataka ada ya soko isipandishwe, na diwani akaenda akapinga, ametenda kama alivyoagizwa, na jambo ni lao. Je, na wakitaka mikoko ya hori la Chake Chake ikatwe ipatikane nafasi ya kujenga, au kiwanja wanachochezea watoto kikatwe vipande vya maduka, na wengi wakaridhia, na diwani akawapitia nyumba kwa nyumba kama walivyofanya maarifu, akakuta wameridhia kweli? Mikoko ni ya nani? Aliyekwisha kukata ukuni wake ameridhia. Mtoto wa miaka saba hakuulizwa, na aliye tumboni hawezi kuulizwa. Mwenye kuwakilisha hawezi kupewa na mtu kitu ambacho mtu huyo hanacho, na waliopiga kura hawamiliki peke yao kilicho cha wote na cha watakaokuja.

Hapa ndipo inapokuja kauli mashuhuri ya Imam Shafii (aliyefariki mwaka 204), ambayo As-Suyuti (aliyefariki mwaka 911) ameijengea kanuni nzima katika Al-Ashbah wan-Nadhair: kwamba mahali pa kiongozi kwa raia ni kama mahali pa msimamizi kwa mali ya yatima, na matendo yake juu yao yamefungwa kwa maslaha. Na kabla yake Sayyidna Umar alijifananisha hivyo hivyo katika Baitul-mali: akiwa na cha kumtosha hujizuia, na akihitaji hula kwa wema, kwa mujibu wa ilivyoamrishwa katika Sura ya An-Nisai juu ya wasimamizi wa mayatima. (Madiwani wanaobishana juu ya posho za vikao wangeianza hoja yao hapo, ingefupika sana.)

Basi diwani ana sifa mbili katika mwili mmoja. Katika haki za walio na ulimi, yeye ni wakili: awaulize, na akiwaona hawataki, wala jambo hilo halimdhuru asiyekuwapo, asiwalazimishe kwa kudai kwamba anajua zaidi. Katika haki za wasio na ulimi, yeye ni wasii: hata wakimwambia wote kwa pamoja toa, aseme sitoi. Wasio na ulimi si watoto peke yao. Wamo wagonjwa wa akili, wageni, maiti na makaburi yao, na watakaozaliwa.

Wamo pia wasiomchagua. Jambo hili lina uchungu Pemba, lakini haifai kulipita. Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulitangazwa kufutwa na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar tarehe 28 ya mwezi huo huo, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Chama cha CUF, kilichokuwa na wafuasi wengi kisiwani humo wakati huo, kikasusia, na wafuasi wake wengi wakabaki majumbani. Wadi zikapata madiwani ambao watu wengi hawakuwapigia kura, nao wakakaa katika viti vyao. Aliyeona kwamba amedhulumiwa alikuwa na haki ya kulisema hilo, na waraka huu hauhukumu baina ya vyama. Lakini iko hukumu isiyongoja suluhu ya vyama: mali ya yatima ikiwa mkononi mwa mtu, kwa njia yoyote aliyoipata, amana imekwisha kumfunga. Diwani aliyekipata kiti na nusu ya mtaa haimwamkii, bado taka za nusu hiyo ziko katika shingo yake. Na yule aliyesusia, kususia kwake hakukumwondolea haki ya kuhudumiwa, wala hakukumhalalishia kuitupa taka mtaroni ili kumkomoa diwani. Kwani mvua ikija haiulizi chama.

Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameifananisha kura na ushahidi, na mfano huo ni mzuri: mpiga kura amshuhudia mtu kwamba ni mwaminifu na aiweza kazi. Anayeiuza, ameuza ushahidi. Anayempa ndugu yake ilhali amjua kuwa ni khaini, ameshuhudia uwongo. Hayo yanajulikana, na hayahitaji kurefushwa.

Linalojulikana kwa wachache ni hili lifuatalo, nalo ndilo linalofaa kuzingatiwa na kila mwenye kutaka kugombea. Mafakihi wamesema kwamba msimamizi hauzi ardhi ya yatima ila kwa haja, au kwa faida iliyo dhahiri. Kisha wakauliza: yatima akisha kubaleghe, akadai kwamba ardhi yake iliuzwa pasina maslaha, ni nani wa kusadikiwa? Wakapambanua. Ikiwa aliyeuza ni baba au babu, husadikiwa yeye kwa kiapo chake, kwa kuwa huruma yake kwa mtoto haina shaka. Lakini ikiwa ni wasii, au mwaminifu aliyewekwa na kadhi, husadikiwa yatima kwa kiapo chake, na mzigo wa kuleta ushahidi humwangukia yule aliyeuza. Hivi ndivyo ilivyo katika Minhaj, na watoto wa madrasa huipita mas-ala hii haraka haraka wakidhani ni ya mashamba ya mikarafuu tu.

Diwani si baba wa watu wa Madungu. Hata akiitwa mzee wao, na hata akiwa amewazika wafu wao na kuwaoza binti zao, katika mali ya mji yeye ni wasii, na huruma yake haitoshi kuwa ushahidi. Basi kiwanja kikitolewa leo, mtoto aliyekuwa akicheza humo atakuwa mtu mzima baada ya miaka kumi na tano, na atakuja kuuliza: kilitolewa kwa haja gani? Faida yake ilikuwa nini? Fedha zake ziliingia wapi? Wala haitakuwa juu ya kijana huyo kuthibitisha kwamba amedhulumiwa. Kwa hivyo mukhtasari wa kikao, wenye majina ya waliokubali na waliokataa, na hesabu za mapato na matumizi zilizosomwa mbele ya watu, si makaratasi ya makarani. Ndio ushahidi pekee ambao diwani ataweza kuutoa siku hiyo, ikiwa yu hai. Na ikiwa amekwisha kufa, hao watakaoulizwa ni warithi wake, na kitabu cha mukhtasari kitafunguliwa ukurasa wa kikao kile, kusomwe kilichoandikwa.